Kimbunga baada ya msimu: kwa nini pwani ya Tanzania haifuati kalenda ya Novemba hadi Aprili

Swali: «Assalamu alaikum mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Mafia, nina boti mbili za uvuvi na jahazi dogo linalopeleka mizigo Nyamisati na mara mojamoja Kilwa. Tumekuwa tukiambiwa kwamba msimu wa vimbunga unaanza Novemba na kwisha Aprili. Mwaka 2024 Hidaya kikatukuta Mei, boti yangu moja ikavunjika ikiwa kwenye nanga. Mwaka huohuo nikasikia kulikuwa na dhoruba nyingine Agosti huko baharini, na nyingine karibu na Oktoba. Wazee wetu walitufundisha kuwa kusi ikishaanza, bahari haina kimbunga. Sasa wapo wanaosema msimu umekufa, wengine wanasema ni Elninyo, na kijana wangu ameniletea video inayodai vimbunga vinatengenezwa na mitambo. Je, kuna mwezi wowote ulio salama? Nipandishe vyombo nchi kavu miezi yote hiyo, nitakula nini? Na nyumba yangu iko karibu na ufuo, bati limeng'oka upande mmoja. Nijenge upya palepale?»

Waalaikumu salamu, ndugu yangu, na pole kwa boti. Katika barua yako mna maswali matatu yaliyofungamana: kama msimu wa vimbunga bado una maana, kama kusi, upepo wa msimu unaovuma kutoka kusini, bado ni kinga, na ufanye nini na vyombo pamoja na nyumba. Nianze na jibu fupi. Msimu upo na una maana, lakini tarehe zake ziliwekwa kwa ajili ya eneo kubwa la bahari, kuanzia pwani ya Afrika hadi jirani na Sumatra, na hazikupimwa kwa Mafia. Kwenu, miezi ya kuangaliwa zaidi ni Aprili na Mei. Kusi ni kinga ya kweli ikishakomaa, ila wiki zake za kwanza si kinga hata kidogo. Ama dhoruba za Agosti na Oktoba ulizozisikia, zilikuwepo, lakini si hizo za kukunyima usingizi.

Tuanze na kalenda yenyewe. Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha kanda kilichopo kisiwa cha Réunion, kwa makubaliano ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na mamlaka za nchi moja moja, ikiwemo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), hutoa tahadhari kwa watu wake. Msimu unahesabiwa kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 30, na kwa Mauritius na Shelisheli huongezwa hadi Mei 15. Mwaka wa vimbunga, kwa upande wake, huanza Julai 1 na kwisha Juni 30 inayofuata, yaani unajaza miezi yote kumi na miwili. Waliopanga hivyo walijua tangu mwanzo kwamba dhoruba inaweza kuzaliwa mwezi wowote. Msimu ni kile kipindi ambacho nyingi hutokea, ili serikali zijue lini ziweke watu na akiba tayari. Kwa wastani kila mwaka hupatikana dhoruba tisa au kumi zilizofikia nguvu ya kupewa jina, na nyingi kati yake huwa za Januari hadi Machi.

Zinazobaki nje ya tarehe hizo si jambo la juzi. Kesiny kiliipiga Madagaska mwezi Mei 2002, na Manou kikaipiga Mei 2003. Septemba 2022 kulikuwa na dhoruba Ashley, Oktoba ikafuata Balita. Agosti 2024 ilikuwepo moja isiyopewa jina, na mwishoni mwa Septemba ikaja Ancha, ambayo nadhani ndiyo uliyoisikia. Bahari nyingine ziko hivyohivyo. Atlantiki msimu wake ni Juni hadi Novemba, lakini Januari 2016 kimbunga Alex kilipata nguvu kamili karibu na visiwa vya Azores, na kwa miaka saba mfululizo, 2015 hadi 2021, dhoruba yenye jina ilitangulia Juni mosi.

Sasa tazama orodha ya pwani yetu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kubandikwa ukutani badala ya kalenda ya jumla. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu vyombo bandarini wakati wa Sultani Barghash kilipiga Aprili 15, 1872. Kile cha Lindi kilikuwa Aprili 15, 1952. Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mpaka wa Mtwara, Aprili 25, 2019. Jobo kilielekea Dar es Salaam Aprili 24, 2021, bahati njema kikafa nguvu kabla ya kufika. Hidaya kikafika Mafia Mei 4, 2024, na kabla ya mwezi huo kwisha Ialy kikapita baharini kwenda kaskazini kuelekea Somalia. Hakuna hata kimoja cha Januari au Februari, miezi ambayo Madagaska na Msumbiji huwa roho juu. Matukio sita katika muda wa miaka mia moja na hamsini ni machache mno kwa mtu kukokotoa uwezekano wa mwaka ujao, nami sitafanya hivyo. Lakini kurundikana kwake mwishoni mwa msimu kuna sababu inayoeleweka, na ukishaijua utaweza kuamua mengi mwenyewe.

Kimbunga huendeshwa na joto la bahari. Maji yakiwa na nyuzi joto zipatazo 26.5 au zaidi, na joto hilo likishuka chini kiasi cha mita hamsini hivi, mvuke mwingi hupanda, hugeuka mawingu, na katika kugeuka huko huachia joto linaloifanya hewa ya katikati kuwa nyepesi. Mgandamizo wa hewa hushuka pale kati, upepo wa pembezoni hukimbilia kujaza, na mzunguko wa dunia huupinda upepo huo hadi ukaanza kuzunguka. Upande wetu wa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Shika jambo hilo, litatufaa baadaye. Joto peke yake halitoshi. Hewa ya juu lazima iwe na unyevu, na upepo wa chini na wa juu usitofautiane sana, kwa sababu kimbunga ni kama mnara wa matofali: kila safu ikisukumwa upande wake, mnara hauwezi kusimama. Pia lazima pawepo na chanzo, mkusanyiko wa mawingu unaozunguka kidogo, na lazima eneo liwe mbali kiasi na ikweta, kwa kawaida nyuzi tano au zaidi, kwa kuwa kwenye ikweta yenyewe dunia haiupindi upepo.

Chanzo hicho mara nyingi hutoka katika ukanda wa makutano ya pepo, uleule unaotuletea masika na vuli kila unapopita. Januari na Februari ukanda huo uko kusini sana. Vimbunga huzaliwa kwenye latitudo za Madagaska au chini yake, husafiri kuelekea magharibi, na kisiwa kile kirefu hupokea kipigo. Kinachoponyoka huingia Mlango wa Msumbiji au hugeukia kusini. Kuifikia Mafia, iliyo karibu na latitudo ya nane, kimbunga kinalazimika kupita kaskazini ya ncha ya Madagaska, iliyo kwenye latitudo ya kumi na mbili, na katikati ya msimu ni vichache vinavyozaliwa juu kiasi hicho. Ifikapo Aprili ukanda unarudi kaskazini. Chochote kinachozaliwa humo kinazaliwa usawa wa Comoro, Mtwara au hata Mafia, na kikielekea magharibi hakuna kisiwa kikubwa cha kukizuia. Wakati huohuo maji ya pwani yetu yako kwenye kilele cha joto lake la mwaka, nyuzi 29 au hata 30, kwa sababu jua limeyapiga tangu Desemba na kusi haijaanza kuyachanganya. Bahari nzima kwa jumla inapoa mwezi huo na idadi ya vimbunga inapungua, lakini vile vichache vinavyobaki vinapata njia iliyo wazi kuja kwetu.

Upande wa pili wa msimu, yaani Oktoba na Novemba, ukanda ukiwa unashuka kusini, njia hiyo ya kuja kwetu hufunguka tena kidogo. Novemba 2002 dhoruba Atang ilifika kusini mwa Tanzania ikiwa imedhoofika. Tofauti ni kwamba maji ya Novemba bado yamebakia na ubaridi wa kusi, kwa hiyo chakula cha kimbunga ni kidogo.

Wazee wenu, basi, walisema kweli, na naomba usiwaache kwa sababu ya Hidaya. Kusi ikishakomaa, Juni hadi Septemba, maji ya pwani hushuka hadi nyuzi 25 au 26, hewa inayotoka kusini huwa kavu, na upepo wa juu huenda kinyume na wa chini. Mnara hausimami. Ndiyo maana dhoruba ya Agosti 2024 na zile za Septemba na Oktoba zote zilizaliwa mbali mashariki, pande za visiwa vya Chagos, ambako maji hubaki na joto zaidi, na zote zikafia katikati ya bahari zilipokutana na maji baridi na hewa kavu. Mwaka 2022 maji ya mashariki ya Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida na ya magharibi yakawa baridi, jambo lililozisaidia Ashley na Balita kuzaliwa huko na papo hapo likaiacha pwani yetu ikiwa na upungufu wa mvua. Kutoka Chagos hadi Mafia ni zaidi ya kilomita 3,000. Dhoruba ya huko, hata kama ingeshika njia iliyonyooka bila kupoteza nguvu, ingechukua wiki nzima kukufikia.

Cha kuogopwa ni dhoruba inayozaliwa jirani. Hidaya kilikuzwa na maji ya kati ya Comoro na pwani yetu: TMA ilitoa taarifa ya kwanza Mei 1, Mei 3 kikawa kimbunga kamili, yaani upepo wake wa wastani umepita kilomita 118 kwa saa, na Mei 4 kikawa Mafia, nguvu zikiwa zimeanza kupungua. Siku tatu. Ukipanga maisha yako ya baharini, panga kwa siku tatu hizo.

Na hapa wiki za kwanza za kusi zina hila ambayo ningependa kila nahodha wa pwani aijue. Nilisema kimbunga cha kusini huzunguka kama mishale ya saa. Kikiwa mashariki yako baharini, ubavu wake wa magharibi ndio unaokugusa, na upepo wa ubavu huo hutoka kusini kwenda kaskazini. Sasa fikiria uko Kilindoni mwanzoni mwa Mei, unasubiri kusi iingie kama kila mwaka, na upepo wa kusini unaanza kukaza taratibu. Utasema kusi imeingia. Ishara za kuvitofautisha zipo. Kusi ya kawaida hukaza kwa siku nyingi na haiangushi mgandamizo wa hewa. Kimbunga hutanguliwa na mawimbi marefu, yenye nafasi kubwa kati ya wimbi na wimbi, yanayotoka upande ambao upepo hautoki, hasa mashariki, na mgandamizo huanguka.

Kama una kipimo cha mgandamizo, nacho kimo hata ndani ya baadhi ya simu, kisome kwa kuzingatia saa. Katika nchi zetu za joto mgandamizo hupanda hadi saa nne na kushuka hadi saa kumi, mchana na usiku, kwa kiasi cha hektopaskali mbili au tatu, kila siku bila kukosa. Mtu asiyejua huogopa kila jioni. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana. Tofauti ya kushuka ikiwa hektopaskali tatu, fungua redio na usikilize. Ikifika tano, acha kila kitu ushughulikie vyombo. Ukisimama ukiutazama upepo unakotoka, kitovu cha dhoruba kiko upande wako wa kushoto. Kanuni hiyo haikupi umbali, wala haichukui nafasi ya taarifa ya TMA, lakini kwa mtu aliye majini bila mtandao ni bora kuliko kubahatisha.

Mzunguko huohuo unaeleza kwa nini majirani wawili hupata misukosuko tofauti kwa dhoruba moja. Kitovu kikigusa nchi, walio kusini yake hupigwa na upepo wa kutoka baharini, unaosukuma maji na mawingu juu ya pwani. Walio kaskazini hupata upepo wa kutoka bara, ambao hata huweza kuyarudisha maji nyuma. Hidaya kilipofika Mafia, Kilwa ilikuwa upande wa kusini, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Ardhi nayo ilikuwa imeshashiba maji ya masika: Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ameliarifu Bunge kwamba watu 155 wamefariki kwa mafuriko ya msimu ule. Mvua ambayo mwaka mwingine ingenywewa na udongo ilienda moja kwa moja kwenye madaraja.

Kuna jambo moja lililowapa nafuu ambalo sikulisikia likitajwa sana. Mwezi mwandamo ulikuwa Mei 8. Mei 4, kwa hiyo, maji yalikuwa bado karibu na maji mafu, na yaliyojaa hayakufika mbali. Katika pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni kama mita tatu na nusu hadi nne. Kila hektopaskali moja inayopungua katika mgandamizo huinua bahari sentimita moja, na upepo wa kutoka baharini huongeza juu yake kiasi kikubwa zaidi, hasa penye maji machache. Kimbunga chenye nguvu zilezile kikitua siku ya bamvua, saa ya kujaa, kitakuta maji yako juu tayari. Ialy kilipita siku chache tu kabla ya mwezi mpevu wa Mei 23. Kwa bahati kilibaki baharini, ila watu wa pwani ya Kenya walipata upepo mkali na mawimbi makubwa, wao ambao wamezoea kuambiwa kwamba wako karibu mno na ikweta kuguswa. Kitovu kukaribia Lamu ni jambo adimu, kwa sababu niliyoieleza ya mzunguko wa dunia. Mawimbi yake hayahitaji ruhusa ya ikweta.

Kuhusu sababu ulizotajiwa. Elninyo ya 2023 na 2024 ilikuwa inafifia Mei ilipofika. Ilichangia joto la bahari na ile mvua iliyotangulia, lakini vimbunga vya Aprili vimekuja katika miaka ya Elninyo na isiyo ya Elninyo, kwa hiyo usiitumie kama kengele pekee. Video ya kijana wako, mwambie kwa upole kwamba mtambo unaotajwa sana, ule wa Alaska, huchunguza tabaka la hewa lililo makumi ya kilomita juu ya mawingu yote, na kwamba joto linaloachiwa na mvua ya kimbunga kimoja kwa siku linapita kwa mbali umeme wote unaozalishwa duniani siku hiyo. Hakuna mwenye swichi ya kitu hicho.

Mabadiliko ya tabianchi yanastahili jibu la uangalifu zaidi, kwa sababu hapa wanaotia chumvi wako pande zote mbili. Bahari ya Hindi imepata joto la nyuzi 1.2 hivi tangu mwaka 1950, na hilo halina ubishi. Hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo vimbunga vya leo vinamwaga mvua kuliko ambavyo vingemwaga zamani, na sehemu ya vile vikali sana inatarajiwa kuongezeka. Idadi ya jumla haitarajiwi kuongezeka; huenda hata ikapungua. Kusema kwamba msimu umerefuka kwa pwani yetu ni dai ambalo kumbukumbu haziwezi kulibeba bado: setilaiti zimetazama bahari hii vizuri kwa takribani miaka hamsini tu, na dhoruba dogo kama lile la Agosti 2024 zamani lingepita bila kuonwa na yeyote isipokuwa meli iliyokuwa na mkosi. Mimi naona busara ni kujiandaa kwa ajili ya maji ya moto zaidi bila kutangaza kwamba kalenda imekufa.

Nije kwenye vyombo. Una njia tatu, na kila moja ina gharama. Kupandisha vyombo nchi kavu Aprili na Mei yote ni salama kabisa, lakini utapoteza maleleji, wakati kaskazi imelala na kusi haijaamka, ambao kwa mvuvi ni wakati wa riziki. Siwezi kukushauri ule njaa miezi miwili kwa ajili ya kitu kinachotokea mara chache hivyo. Kuendelea kama kawaida na kungojea taarifa ni rahisi, ila ndiko kulikoiponza boti yako, kwa kuwa siku ya mwisho kila mtu anatafuta vijana wa kuvuta na magogo ya kuviringishia, na hawapatikani. Njia ninayoipendelea ni ya kati: endelea kufanya kazi, lakini kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei uwe na uwezo wa kupandisha vyombo vyote ndani ya siku moja. Maana yake magogo yapo tayari, makubaliano na vijana yameshafanywa, na pahali pa kuviweka pamechaguliwa juu ya ule mstari wa mwani na takataka unaoachwa na bamvua kubwa, siyo juu ya mstari wa juzi. Safari za Kilwa na Nyamisati zipange ndani ya siku tatu za utabiri, na TMA ikitaja mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani ya Mtwara au kaskazini mwa Madagaska, jahazi lisiondoke hata kama bahari ni shwari siku hiyo.

Jahazi huenda likawa zito kupandishwa. Basi litafutie hori lenye mikoko, lifungwe kwa kamba kadhaa kwenye mashina ya pande zote mbili, tanga na foromali, mti unaolibeba tanga, vishushwe, na mashine kama ipo itolewe. Pasipokuwa na hori, nanga mbili, na kila amari, yaani kamba ya nanga, iwe na urefu usiopungua mara saba ya kina cha maji yakiwa yamejaa. Usilifunge gatini, chombo kilichofungwa kwenye zege huvunjwa na zege. Kisha shuka. Watu hufia kwenye vyombo walivyobaki kuvilinda, na upepo ukinyamaza ghafla kitovu kikipita, usirudi kuangalia, kwa kuwa utageuka na kuvuma kutoka upande wa pili.

Wala usiupe moyo wako wote kwa vimbunga. Angalizo na tahadhari za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ambazo TMA hutoa mara nyingi kati ya Juni na Agosti, zinahusu kusi ya kawaida, na kwa boti iliyojaza watu na mizigo hiyo kusi ya kawaida inatosha kuua. Kama chombo chako kinabeba abiria hata mara moja kwa mwezi, kipeleke kikakaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kabla ya kukata bima mwombe wakala akuonyeshe kwenye karatasi mahali panapotaja dhoruba na chombo kilicho kwenye nanga.

Nyumba siwezi kuiamulia kutoka hapa, na yeyote atakayeiamua bila kuiona anakudanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na kama kiwanja chako kiko ndani ya hizo, kuweka fedha mpya palepale ni hasara mara mbili. Kama uko nje ya hizo, bati kung'oka upande mmoja mara nyingi huonyesha kwamba misumari ilishika mbao lakini mbao hazikushikwa na ukuta. Kuongeza misumari hakutasaidia bila nondo au mikanda ya chuma inayofunga kenchi hadi kwenye lenta. Paa lenye migongo minne huvumilia kuliko la migongo miwili, upenu mfupi huvumilia kuliko mrefu, na paa la baraza lijengwe mbali na paa kuu ili likiondoka liondoke peke yake. Mhandisi wa halmashauri aje aone kuta kama zimepata nyufa kwenye pembe, hasa kama mlango au dirisha lolote limeanza kukwama tangu Mei ile. Hiyo ni dalili kwamba msingi umesogea, na ikiwa hivyo msilale humo wakati wa mvua kubwa hadi aseme. Umbali kutoka baharini upimwe wakati wa bamvua la Machi au Septemba, ambalo huwa ndilo kubwa kuliko yote ya mwaka, ili vipimo mtakavyoviandika viwe vya maji yalipofika kweli.